Likizo ya Kimya

Siku shule ilipofungwa, Vénantie hakuwa na sauti ya kuwaaga wanafunzi wake. Aliwapungia mkono tu, wote themanini na wawili, wakateremka kilima cha Nkanka wakipiga kelele, naye akabaki mlangoni amejishika koo. Miaka ishirini na sita alikuwa amefundisha darasa la kwanza, na darasa la kwanza halifundishwi kwa kunong'ona.

Kesho yake alipanda pikipiki mpaka Kamembe. Daktari alimpenyeza puani mrija mwembamba wenye kamera, akatazama, kisha akauchomoa.

"Maman, nyuzi za sauti zimeota vinundu," alisema. "Dawa ya kwanza ni kupumzika. Julai yote, Agosti yote, usiseme neno. Usinong'one pia, maana kunong'ona kunaumiza. Ukifanya hivyo, huenda Septemba ukarudi darasani. Usipofanya, sahau chaki."

Kunyamaza angeweza. Ila nyumbani kulikuwa na mama yake.

Béata alikuwa na miaka themanini na mmoja, na macho yake yalikuwa yamezimika mwaka wa nne sasa. Walihama pamoja kutoka Bukavu zamani, ingawa mama hakukiacha Kiswahili cha huko, na humo ndani walikuwa wawili tu. Tangu giza limwingie, bibi huyo aliishi kwa sauti ya binti yake: jua limetoka, mama, mvua inakuja upande wa ziwa, hii ni samaki, angalia miiba. Ladislas, kaka yake Vénantie, alikuja kutoka Kamembe kumweleza mama habari za daktari. Akawafundisha alama: kugusa kiganja mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.

Wiki ya kwanza ilikuwa tamu. Vénantie alilala mpaka jua likapanda, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alipokuwa msichana. Alikunywa maji ya moto yenye asali. Kisha akaanza kujiandaa kwa Septemba. Alipasua magunia matupu ya mchele, akayafua, akayakausha, akayachorea kwa rangi: herufi, tarakimu, mbuzi, mtumbwi, jembe. Alijiambia kwamba sauti ikirudi nusu, picha zitafanya nusu iliyobaki.

Lakini maswali mengi ya mzee hayajibiwi kwa ndiyo na hapana. "Nani amekufa kule chini, Vene? Nasikia bantu banalia." Vénantie alimshika mkono, akakosa pa kuanzia. Mwezi ulipotimia, Béata alizoea kushtuka kitini na kuita, "Kuko muntu humu?" hali binti yake amekaa hatua mbili kutoka kwake, brashi mkononi.

"Niko naongea na kuta," alisema siku moja. "Kaburi nayo iko hivi?"

Katikati ya Agosti alimwomba jirani ampigie Ladislas simu. "Kuja unitwae. Kwako kuko batoto, kuko kelele."

Ladislas alikuja na teksi. Béata alisimama mlangoni, mkoba begani, mkono mmoja umeushika mwimo wa mlango kama mtu anayeogopa kusombwa na mto.

"Vene, mi sitaki kwenda. Sema tu, 'Bakia, mama.' Maneno mawili. Nitabakia."

Vénantie alifungua kinywa. Pumzi ikamjaa kifuani. Akazikumbuka zile wiki sita alizozilinda kama yai, akawaona watoto themanini wakimsubiri. Akafunga kinywa. Alimkimbilia mama yake, akamshika kiganja, akagusa mara mbili. Hapana, usiende.

"Hapana?" alisema Béata. Uso wake ulilegea. "Haya. Nimesikia."

Akauvuta mkono wake, akaomba aongozwe kwenye gari. Vénantie aliwafuata mpaka barabarani akitikisa kichwa kwa nguvu, lakini Ladislas alikuwa amempa mgongo akifunga mizigo, na mama hakuwa na macho ya kuona.

Hakutaka kumtuma Ladislas kwa maandishi; alitaka kumweleza mama mwenyewe, sauti ikirudi. Siku zilizobaki alipumzika kweli. Hapakuwa na mtu tena wa kumnyamazia.

Mwisho wa Agosti daktari alirudisha ule mrija. "Vinundu viwili vimekwisha. Cha tatu kimekuwa sugu, hakiondoki kwa kupumzika. Kuna upasuaji, Kigali, lakini orodha ni ndefu na siwezi kukuahidi kitu."

"Sikusema hata neno, daktari." Sauti iliyotoka ilikuwa ngeni kwake mwenyewe: nzito, iliyopasuka, kama ya mwanamume aliyekesha na mafua.

"Nakuamini, maman. Ungekuja miaka kumi iliyopita."

Mkuu wa shule, mzee Mukengere, alimpokea kwa heshima na kumpa stoo ya vitabu. Darasa la kwanza alimpa Reine, msichana aliyetoka chuo cha ualimu mwaka huohuo. Vénantie alimkabidhi magunia yote. Reine alishukuru, akayatundika vizuri, na tangu asubuhi hiyo sauti yake ilisikika kupitia ukuta wa stoo, ikipanda juu ya kelele za watoto mpaka saa sita mchana.

Jumapili Vénantie alikwenda kwa Ladislas. Wenyeji walikuwa misani. Béata alikuwa peke yake barazani, akimenya maharage mabichi.

"Mama. Ni mimi."

Béata aligeuza uso, akamdhania mwanamume mgeni. "Karibu, papa. Ladislas hayuko. Keti, hatakawia."

"Ni mimi, Vene."

Bibi alitabasamu kwa adabu. "Vene ni binti yangu, mwalimu wa Nkanka. Huyo hasemi na mimi."

Vénantie alipiga magoti, akauchukua mkono wa mama yake na kuuweka usoni mwake. Vidole vilipita kwenye paji, pua, kidevu, vikasimama.

"Njo sauti yako hii?"

"Ndiyo hii, mama."

"Siku ile ungesema tu. Ningesikia ile ingine mara ya mwisho."

Vénantie alitaka kumweleza habari ya kile kiganja, kwamba hapana ile ilikuwa ya kumzuia. Alianza, sauti ikakatika katikati ya maneno, akaanza tena, na Béata akainamisha sikio, asipate kitu. Mwishowe Vénantie alivuta kigoda, akachota maharage, wakamenya pamoja mpaka watu waliporudi kutoka misani. Jioni aliaga, akatafuta pikipiki ya kumrudisha Nkanka. Kesho yake stoo ilipaswa kufunguliwa saa moja asubuhi.