Umri wa Gauni la Kijani

Mtaani kwetu wananiita Mama Lebo, kwa sababu kabla sijakusalimia nimeshageuza ukosi wa shati lako niangalie limeandikwaje. Nauza nguo za zamani. Watu wa maigizo, wapiga picha, na wale wenye uwezo wanaopenda kuvaa vya marehemu wasiowajua, wote huja kuniuliza swali moja: hii ni ya lini? Nikishajua, naandika mwaka kwenye kikaratasi na kukibana kwa pini mkononi mwa nguo. Nimekosea mara chache. Mtu atakudanganya, lakini nguo ukiigeuza ndani nje itasema yote, tena bila kutia chumvi.

Wiki tatu baada ya kumzika mama yetu, mdogo wangu aliingia dukani na mfuko mkononi. Ndiye wa mwisho kuzaliwa, na tunamwita Kitinda mpaka leo ingawa kichwa kimeshaota mvi.

"Hili ni lako," akasema. "Mama alisema alikushonea mwaka uleule ulioondoka. Akaniambia nikupe nikimaliza kupanga vitu vyake."

Lilikuwa gauni la pamba, kijani, mikono mifupi. Nikalipokea kama ninavyopokea nguo ya mteja yeyote. Tangu msiba nilikuwa nimekufa ganzi. Makaburini nilisimama mstari wa nyuma kama jirani aliyekuja kwa heshima tu, watu wakinitazama nitalia saa ngapi, na mimi nahesabu vifungo vya shati la mchimba kaburi. Vilikuwa sita, kimoja si cha seti yake. Hicho ndicho nilichorudi nacho kutoka mazishi ya mama yangu.

Mama alikuwa fundi cherehani, nami nilijifunzia kazi miguuni pake. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilimwambia mbele ya wateja wake kwamba mishono yake inapinda. Haikuwa inapinda. Nilikuwa na hasira ya jambo jingine ambalo leo hata silikumbuki. Yeye hakupandisha sauti. Alinionyesha mlango, akasema, "Toka, na usirudi mpaka nikuite." Basi nikatoka, nikakaa nasubiri kuitwa. Nilisubiri miaka thelathini na mmoja. Mjinga mmoja alimzaa mjinga mwenzake, ndivyo ninavyoweza kueleza.

Kwa hiyo Kitinda aliposema mwaka uleule ulioondoka, nilielewa anachoniletea. Alikuwa ananiletea ushahidi kwamba nilikuwa nakumbukwa. Na mimi ushahidi huwa siubusu, naupima.

"Kaa," nikamwambia. "Nikuambie kama ni kweli."

"Dada, hilo ni gauni la mama. Si la mteja."

"Nguo ni nguo."

Nikawasha taa ya mezani, nikachukua kioo cha kukuzia, nikaanzia mgongoni. Mgongoni ndiko nilikomkamata mama. Zipu ilikuwa ya plastiki, ile ya kujificha, ambayo ukishaifunga unaona mshono tu. Mwaka nilioondoka nyumbani, mama alikuwa anashona zipu za chuma zinazong'ata ngozi ya mgongo. Hizi za kujificha nilianza kuziona kwa mafundi wa kawaida mwanangu akiwa shule. Kanuni ya kazi yetu ni fupi: nguo haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kitu kipya kabisa kilichomo ndani yake.

"Njia ya mwongo ni fupi," nikasema. "Gauni hili halijafika miaka ishirini. Alilishona uzeeni, akalipa tarehe inayompendeza."

Kitinda alikuwa anakunja ule mfuko mtupu, mara mbili, mara nne. Nami sikuhisi ushindi wala uchungu. Nilihisi kama mtu aliyefunga hesabu ya stoo akakuta kila kitu kipo pungufu kama alivyotarajia. Nikachukua kikaratasi, nikaandika mwaka, nikatafuta pini.

Sasa, pini mimi huipitisha kwenye kitambaa cha akiba, kile kinachobaki ndani ya mshono, nisije nikatoboa nguo. Nilipofunua kitambaa hicho kando ya zipu, nikaona vitobo. Mstari mzima wa vitobo vya sindano visivyo na uzi, umbali wa nusu kidole kutoka mshono uliopo, na kando yake alama za kahawia, meno kwa meno, kutoka shingoni hadi kiunoni. Ilikuwa kutu. Zipu ya chuma ilikaa pale miaka mingi kabla ya hii ya plastiki.

Kosa hilo namkataza kila ninayemfundisha kazi. Zipu hubadilishwa. Usilikadirie gauni mwaka kwa zipu peke yake. Na mimi, Mama Lebo mzima, nililiendea mbio kwa sababu ndilo jibu nililolitaka.

Nikachana kile kikaratasi. Nikaligeuza gauni lote ndani nje, nikalilaza mezani, nikaanza upya, kama nilivyopaswa kuanza mwanzo.

Mshono wa kwanza kabisa ulibaki kwenye mabega. Uzi wa pamba, umefifia, na mkono ni wa mama alipokuwa na nguvu: umenyooka kama rula. Pembeni, vitobo vya zamani vilionyesha kiuno cha mwanzo. Nikapima kwa futi. Inchi ishirini na sita. Hicho kilikuwa kiuno changu siku nilipoonyeshwa mlango.

"Ni la mwaka ule," nikasema.

"Si nilikwambia?"

"Ngoja."

Maana gauni halikuishia hapo. Mbele kifuani, upande wa ndani, niliona matundu manne ya vifungo, yaliyodariziwa kwa mkono kisha yakafungwa kwa uzi mwingine, kwa uangalifu, mpaka nje hayaonekani. Hakuna fundi anayeweka vifungo mbele kwenye gauni lenye zipu nyuma, isipokuwa anayelivaa ananyonyesha.

"Mwanangu alipozaliwa, nani alimwambia mama?"

"Mimi." Kitinda akavuta kiti karibu na meza. "Kila nikirudi kutoka kwako alikuwa ananihoji. Amekuwaje, amejaa au amekonda. Mimi naona ni umbea wa kawaida tu. Halafu ananiambia, mdogo mtu, nionyeshe ulivyomkumbatia. Basi nakumbatia hewa pale sebuleni kama mwendawazimu, na yeye ananizungushia futi mikononi."

Kidole changu kilikuwa kwenye mshono wa pembeni. Pale mama alifumua akaongeza inchi mbili, akashona kwa uzi wa nailoni. Baadaye akafumua tena, na kitambaa cha akiba kilipokwisha akaunga kipande chembamba cha kijani kisichofanana sawasawa na mwenzake. Hiyo ni miaka niliyonenepa mpaka wateja wakawa wananitania kwamba nauza nguo zisizonitosha. Nadhani ndipo na zipu ilipobadilishwa, ile ya chuma ikiwa imeshakamatwa na kutu kwa kukaa bila kuvaliwa. Kila mwili niliokuwa nao, gauni lilikuwa limepita humo. Mimi niko mji mwingine nasubiri kuitwa, na yeye kwenye cherehani ananifuata inchi kwa inchi.

Nilijua hapa ndipo mtu anapolia. Nikasubiri. Hakuna kilichokuja, nikaendelea na kazi.

Mshono wa mwisho ulinishinda kuelewa. Ulikuwa wa kupunguza. Gauni lilikuwa limebanwa pande zote mbili, kutoka kule kwenye unene hadi inchi ishirini na nane, kwa mkono, si kwa cherehani. Uzi ulikuwa wa bluu. Kwenye gauni la kijani, bluu. Na ulikuwa mpya, haujaona maji.

"Huku kupunguza ni kwa lini?" nikauliza. "Hujawahi kunikumbatia nikiwa hivi."

Nilikuwa hivyo mara moja tu. Mwaka juzi nilifanyiwa upasuaji wa tumbo, nikabaki mifupa na macho. Sikumwambia mtu wa kwetu. Kitinda alipopiga simu nilimwambia mimi mzima kama kigongo, nashangaa ananiulizia afya.

Kitinda akaangalia nje, ng'ambo ya barabara, kwenye duka la dawa lenye benchi la mbao mlangoni.

"Nilimleta kliniki ya macho," akasema. "Akaniomba tupitie mtaa huu. Tukakaa pale kwenye benchi. Ulikuwa unatundika makoti. Macho yenyewe yalikuwa yameshaisha, lakini alikutazama mpaka ukamaliza koti la mwisho. Akasema, amepungua. Nikamwambia mama, twende tuvuke, ni hatua kumi tu. Akakataa."

"Kwa nini?"

"Akasema, hajaniita."

Gari lilipita, likatufichia lile benchi, halafu likaonekana tena. Hakuna aliyekaa pale. Ningekuwa mtu wa kawaida ningepiga ukelele. Nilichofanya ni kuvua blauzi yangu nyuma ya pazia la kujaribia na kulivaa lile gauni. Mabega yalikaa. Urefu ulikaa. Kiunoni zipu ikagoma, imebaki inchi tatu kufungika, kwa sababu tangu mwaka juzi nimepona na kula vizuri, na safari hii hakuwepo wa kuambiwa.

Nikatoka hivyohivyo, mgongo wazi. Kitinda akanigeuza, akavuta zipu, akaachia. Akafunua pembeni kwa ndani.

"Kitambaa kipo chote," akasema. "Hakukata hata kidogo. Fundi akipunguza si huwa anakata?"

"Huwa anakata."

"Basi ni rahisi. Kifumulio kiko wapi? Natoa huu uzi wa bluu, linakutosha sasa hivi."

Akakiona mezani, akakichukua. Nikainama nikautazama ule mshono kwenye kioo cha kujaribia. Ulikuwa unapanda na kushuka, unatoka nje ya mstari na kurudi, sindano moja ndefu, mbili fupi, mshono wa mtu anayepapasa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, mishono ya mama yangu ilikuwa imepinda kweli.

Nikamshika Kitinda mkono.

"Usiuguse," nikamwambia. "Safari hii nitapungua mimi."