Bustani Tuliyoianzia Mwisho

Mlinzi alisimama mbele ya lango la nyuma, akanyoosha kidole juu kilimani. "Hapa siku hizi ni pa kutokea tu, mama. Kuingia ni lango kuu, kule."

"Sisi tumezoea hapa," nikasema.

"Basi mmekuwa mkianzia mwisho. Waliotengeneza bustani hii zamani walitaka mtu ateremke, ziwa alikute chini."

Wifi yangu alicheka mpaka akashika kiuno. "Kaka yangu huyo! Kaona basi linasimama hapa, akajua ndipo penyewe. Miaka yote hiyo!"

Mimi sikucheka. Tangu tumzike mume wangu nilikuwa naahirisha kurudi huku. Nilitaka kupanda ile njia yetu kutoka ziwani, kwa sababu ndiko ninakomkumbuka vizuri: yuko mbele yangu, anatembea kinyumenyume, ananisimulia vituko vya kazini huku viatu vikiburuza kokoto. Kwenye njia ya kuteremka, sikumjua.

"Twende, wifi," akanivuta mkono. "Lawama tutampa marehemu."

Tukazunguka ukuta, tukaingia kwa juu. Misonobari mizee ilibanana pande zote mbili, huoni kitu ila vigogo. Nikawa natazama miguu yangu. Tulipofika kwenye kona yenye benchi la mawe, miti ikaachana, na ziwa likatokea lote kwa mara moja: daraja jeupe, mawingu, na daraja jingine limelala majini.

Nikasimama. Kona ile niliijua. Hapo ndipo alipokuwa akipunguza mwendo kila mara, uso kanielekezea, anatabasamu. Mimi, pumzi zimeniishia, nilidhani ananicheka.

"Unacheka nini?" nilimuuliza siku moja.

"Nawaangalia. Mmependeza."

"Sisi na nani? Si niko peke yangu!"

"Panda tu, mama watoto. Usigeuke, utajikwaa."

Nilimsimulia wifi. Akajifuta macho kwa kiganja. "Mjanja yule! Yeye anajionea ziwa, wewe anakupandisha mlima."

"Mwache. Na mimi nilikuwa na changu cha kutazama."

Nikamwomba atangulie. Nilibaki nimekaa kwenye benchi, nikimwangalia anavyoteremka taratibu, mkoba kwapani, mpaka akafika darajani. Akageuka, maji yote yakiwa nyuma yake, akaniona.

"Unacheka nini wewe?" akapaza sauti.

"Mmependeza!" nikamjibu.