Kware Mbili-Saba

Mwanangu Baltazari tulimwita Kware tangu mdogo. Alikuwa anajificha kwenye ulezi kama ndege huyo, ukikaribia anaruka mbele ya miguu yako. Miaka ishirini na moja iliyopita aliteremka bondeni, Mtowisa, kutafuta mpunga, akapanda mtumbwi Ziwa Rukwa. Mtumbwi ulionekana siku ya tatu, umepinduka. Yeye hakuonekana.

Katika ukoo wetu mtu wa namna hiyo anazikwa hivyo hivyo, bila mwili. Jiwe linafungwa ndani ya shati lake, linalazwa kaburini, msiba unakwisha. Kabla ya hapo jina lake haliitwi kwa sauti nje ya nyumba, maana ukimwita unamwambia kwamba bado anasubiriwa. Mimi nilikataa kumzika. Shati lake la bluu nililiweka chini ya godoro langu. Kifungo cha pili nilikishona mwenyewe kwa uzi mweusi, kwa kuwa wa bluu ulikuwa umeisha.

Bintiye, Violeth, nimemlea mimi hapa Izia. Mwaka jana aliajiriwa na Nsajigwa, mtu wa Mbeya mwenye ndege mbili ndogo zinazochukua wagonjwa bondeni na kule Kipili. Kazi ya Violeth ni kukaa ofisini, kwenye uwanja wa ndege wa hapa, na redio ya upepo, kuzungumza na rubani. Jioni moja tulikuwa tunachambua maharage, akaanza kunieleza mambo ya kazini.

"Kila kampuni ina jina lake la hewani, Bibi. Si lazima liwe lile la kwenye bango. Linatakiwa liwe fupi, lisifanane na la mwingine, na hata redio ikikwaruza lisikike. Bosi alipeleka majina matatu kwa mamlaka ya anga, yote yakakataliwa."

"Sasa itakuwaje?"

"Nikampa la nne. Limepita." Aliinamia ungo. "Kware."

Mkono wangu ulibaki ndani ya maharage.

"Hukuniuliza."

"Ungekataa. Nilitaka kumwita, Bibi. Wenzangu wote wamewahi kuita baba."

Nilirudi kuchambua.

Baada ya jina inafuata namba ya safari, na tarakimu zinatajwa moja moja. Safari ya Mtowisa ikawa Kware Mbili-Saba. Kwa hiyo kila Jumanne na kila Alhamisi mjukuu wangu alibonyeza kitufe akamwita baba yake mpaka bondeni, mahali alipopotelea.

Mwezi wa kwanza uliisha salama. Mwezi wa pili, Jumatano saa nane mchana, ndege zote mbili zikiwa zimeegeshwa mbele ya dirisha, redio ilisema, "Kware Mbili-Saba, juu ya ziwa." Jastin, rubani, alikuwa mle ofisini anakunywa chai. Alimtazama Violeth, Violeth akamtazama yeye.

"Kuna mshikaji anatuchezea," Jastin alisema.

Wiki iliyofuata sauti ilisema iko juu ya Mtowisa. Iliyofuata tena, chini ya ukingo wa bonde. Haikuwa na haraka. Violeth aliponieleza nilimuuliza sauti yenyewe ikoje. Akasema ni ya mwanamume, na kabla ya kusema anavuta pumzi kama mtu aliyepanda mlima. Sikulala. Baltazari alikuwa na pumu, na Violeth sikuwahi kumwambia.

Jumanne iliyofuata Jastin alikuwa anarudi na mama mjamzito, wingu limefunika ukingo wote. Akasikia mbele yake, karibu kabisa, "Kware Mbili-Saba, futi elfu tisa, juu ya ukingo." Jina la safari yake mwenyewe, na kimo kile kile alichokuwa yeye. Alikata kona kumkwepa, na wingu lilipofunguka aliona miti ya mlimani chini ya bawa, majani yanatikisika. Alitua, akamweleza Violeth yote. Na Alhamisi Violeth alitakiwa aende naye Mtowisa kufunga redio ya zahanati.

Nilikwenda kwa Nsajigwa asubuhi ya Jumatano.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Badilisha hilo jina, baba. Ni la mwanangu, na hajazikwa."

Hakucheka. Alinisogezea kiti. "Kibali nilikisubiri miezi mitano. Nikilibadilisha, ndege zinakaa chini, na wagonjwa wa bondeni watapita barabara ile unayoijua. Namba nimeshabadilisha tangu jana. Safari yetu sasa ni Tatu-Moja, maana hata sisi namba ikiingia mkosi tunaipumzisha. Lakini jana jioni yeye bado alijiita Mbili-Saba."

"Basi kazi ni yangu."

Mchana ule ule tulimzika. Katekista Wilibrodi alisali, ndugu zangu wawili wakachimba kando ya kaburi la mume wangu. Nililitoa shati, nikalifungia jiwe, nikafunga vifungo vyote. Kile cha uzi mweusi kilinishinda kwa muda mrefu.

Kisha nikamwambia Violeth anipeleke kwenye redio, kwa kuwa aliyeitwa huko ni lazima aambiwe huko huko. Nsajigwa alituruhusu tutumie masafa ya kampuni. Violeth alinifundisha. Unaanza na jina la unayemwita, halafu unajitaja, halafu unasema neno lako na kuachia kitufe. Rubani anatakiwa alirudie kama lilivyo, amalizie kwa jina lake. Akikosea unamsahihisha hapo hapo, mpaka aseme sawasawa.

"Usipomsahihisha?"

"Basi inakuwa umekubali alivyosema yeye."

Nilibonyeza. Kitufe kilikuwa cha baridi.

"Kware Mbili-Saba, hapa ni mama. Msiba umekwisha. Umezikwa Izia, kando ya baba yako. Usije nyumbani."

Nikaachia. Redio ilikwaruza kidogo. Nje upepo ulikuwa unalaza nyasi za uwanja. Violeth alinishika bega. Kisha tukasikia pumzi ikivutwa, ndefu, ya mtu aliyepanda mlima, na sauti niliyoizaa mwenyewe.

"Msiba umekwisha. Nimezikwa Izia, kando ya baba. Nakuja nyumbani. Kware Mbili-Saba."

"Bibi," Violeth alinong'ona, "amekosea. Msahihishe."

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nilihesabu pumzi zake tatu. Nikatoa mkono, nikauweka mapajani.

Tangu siku ile hajasikika tena redioni. Violeth alikwenda Mtowisa, akarudi salama, na Jastin anapita ukingoni bila kusikia mtu. Jina la Kware linaitwa kila wiki, na anayeitika ni aliyemo ndani ya ndege.

Ila mlango wa nyuma siufungi kwa komeo. Asubuhi nikiamka nakuta kigoda kimesogezwa karibu na mafiga, na majivu yamechokonolewa. Violeth ananiuliza ni nani. Namwambia ni upepo, naye anachukua chakula chake bila kukikalia kile kigoda.