Chujio la Kuazima

...na hii ni ya pili, maana ya kwanza haihesabiwi, ya kwanza ni ya kulisafisha bomba koo, mwongozo unasema hivyo na yeye, mpimaji wa moshi wa kituo hiki cha ukaguzi wa magari, huufuata mwongozo hata katika kupiga goti, goti la kulia chini, la kushoto juu, mkono wa kushoto umeshika fimbo ya kipimo ndani ya bomba la moshi, mkono wa kulia umeshika kalamu, "Kanyaga, Mjomba!" na mjomba wake kule juu kwenye usukani akakanyaga, lori likanguruma hadi kioo cha ofisi kikatetemeka, arobaini na moja, akaandika arobaini na moja, kikomo cha moshi ni hamsini, na mwaka jana lori hili hili lilitoa themanini na tatu hata mkuu wa kituo akasema hilo si lori, ni jiko la kuni lenye magurudumu, basi leo limepona, limepona ghafla kama mtoto mgonjwa aliyesikia chakula kimeiva, na yeye anajua limeponaje, ndiyo shida yenyewe, angekuwa hajui angekuwa anaimba sasa hivi. "Nilimwambia mama yako," mjomba anapiga kelele kupitia dirishani, "nikamwambia, dada, mtoto wako sasa ni daktari wa moshi, anaingiza fimbo kama..." "Mjomba, tulia." "Mimi nimetulia, mwanangu, anayenguruma ni Bi Mkubwa," ndivyo anavyoliita lori, na mkewe nyumbani hukubali kuitwa Bi Mdogo, husema mwenzangu ana tairi kumi, nitashindana naye vipi... ya tatu, kanyaga, arobaini kamili, jamani, arobaini, na yote ni kwa sababu ya kiluwiluwi. Alimwona dakika kumi zilizopita alipofungua boneti, kwanza mafuta ya injini, kisha pampu, kisha kifuniko cha chujio la hewa, na mle ndani akakuta chujio jeupe, safi, ukingo wake umebonyea kidogo upande mmoja, na juu ya mpira wake kuna mchirizi wa rangi ya kijani wenye kichwa kinene na mkia, kiluwiluwi kabisa, na kiluwiluwi huyo alikwisha kumwona saa mbili asubuhi kwenye lori la mchanga la dereva wanayemwita Kipara, akamwona tena saa tatu kwenye lori la maji, na saa tatu na nusu kwenye lori la kuhamisha vyombo, mara ya kwanza akasema chujio zuri hili, mara ya pili akasema labda kiwandani walimwaga rangi, mara ya tatu akazipigia mstari namba za malori yote matatu, na sasa ni saa nne, kiluwiluwi hana hata mguu mmoja lakini leo ametembea malori manne. Na yule pale ni Kipara mwenyewe, lori lake limefaulu tangu asubuhi lakini hajaondoka, amesimama kando ya ukuta mikono nyuma, macho kwenye boneti ya Bi Mkubwa, kama jirani aliyeazimisha ungo wake na sasa ana mchele wa kupepeta. Madereva hawa wanadhani haoni. Au wanadhani anaona lakini atanyamaza kwa sababu ni mtoto wao, ni binti wa dada wa mwenzao, amekua akinusa moshi wao... na aliupenda, hilo hatalikana, kila asubuhi mjomba alipita mbele ya shule na shehena ya mawe, akifika langoni anakanyaga mafuta makusudi, fuuu, wingu jeusi lenye mabonge kama koliflawa ya sokoni, hiyo ndiyo salamu yake, wanafunzi wenzake wanakohoa wamefunika pua kwa kola na yeye anaruka ruka akipiga makofi, "Yule mjomba wangu! Yule mjomba wangu!", na nyumbani pale kilimani mama anaanua mashuka meupe yaliyonyunyiziwa masizi kama pilipili manga ya kusagwa, anayatazama, anasema, "Kaka amepita," halafu anayarudisha kwenye beseni, wala hakukasirika, nani atakasirika kwa kupitiwa na kaka yake... "Ya nne, Mjomba!" arobaini na mbili. Kisha akaenda chuo kikuu, na lori hili ndilo lililompeleka, sanduku na godoro juu ya mawe, na huko wakamwekea masizi chini ya hadubini yenye nguvu kuliko zote, akaona punje zimeshikana kama kichala cha zabibu, ndogo mno, mwalimu akasema hizi hazibishi hodi puani, zinapita moja kwa moja hadi mwisho wa pafu na huko zinapanga chumba, darasa zima likacheka, naye akacheka, hadi alipofika bwenini ndipo akakumbuka ule ukuta wa zahanati kilimani, wanaupaka chokaa kila mwaka na kila mwaka unageuka kijivu, kijivu kinachoishia pale pale, kimo cha bomba la lori, ambacho ndicho kimo cha mtoto aliyeshikwa mkono. "Umeninyamazia, daktari, mgonjwa ana hali gani?" "Anaendelea vizuri." "Si nilikwambia! Bi Mkubwa ameoga, amepaka mafuta, amekuja kuposwa!" na mjomba akacheka, akacheka hadi akakohoa, akakohoa hadi akapiga usukani kwa kiganja, hukohoa kila anapocheka na hucheka sana, yeye alipokuwa mdogo alidhani ndivyo kicheko kinavyoisha, kwa kila mtu, kicheko kwanza na kikohozi mwisho kama nukta... Sasa afanye nini, amfelishe, lori lilale, lori lililomsomesha, shukrani ya punda ni mateke, au amfaulishe, na kesho Kipara achukue chujio lake, Bi Mkubwa arudishiwe chujio lake la zamani, lile tambara jeusi, themanini na tatu nyingine kila siku kilimani, na pafu la kwanza kwenye foleni ni la mjomba mwenyewe, madirisha wazi. Mkuu wa kituo alimwuliza, nimpime mimi? na yeye kwa kiburi akasema hapana, alitaka mjomba amwone kazini, haya, anamwona, na mkuu anawaona wote kutoka dirishani na kikombe chake cha chai... "Ya tano, kanyaga!" thelathini na tisa, kitu kikamchoma paja, akajisogeza, mfuko wa ovaroli, ni waya tu, waya wa lakiri, yaani muhuri, na vidonge vyake vya madini ya risasi, anavyofungia pampu ya mafuta ya kila lori lililofaulu ili dereva asiichezee... ya kila lori lililofaulu... pampu... na kwa nini pampu peke yake? Ukurasa wa kumi na nane, aya ya tisa, anaiona hata ile alama ya chai kwenye pembe, mpimaji atatia lakiri pampu na kifaa kingine chochote kinachobadilisha moshi, kingine chochote, wala haisemi kifaa ni cha nani, mtihani ameufaulu kiluwiluwi, basi kiluwiluwi abaki, afungwe humo humo, akichakaa mjomba aje na chujio jipya mkononi, na mpimaji mwenyewe ataikata lakiri kwa koleo lake, bure, na Kipara na mjomba wataelewana, ni watu wazima, na namba za yale malori mengine anazo, amezipigia mstari, kesho yatakuja moja moja, kila moja na chujio lake, nguo ya kuazima haisitiri matako, jamani, miaka mitatu anabeba waya huu mfukoni! Akataka kucheka, akajizuia, fimbo isitikisike. "Dada mpimaji," Kipara anaita kutoka ukutani, amesogea hatua mbili, mikono sasa iko mbele, tayari kupokea, "bado tu?" "Bado kidogo, kaka, usiondoke, nitakuhitaji." "Mimi?" "Wewe." Na mjomba kule juu anafuta machozi ya kicheko kwa nyuma ya mkono, anachungulia kwenye kioo cha pembeni, uso wake mdogo ndani ya kioo kama picha ya kitambulisho, "Vipi, mwanangu, tumefaulu?" "Umefaulu, Mjomba, na hutarudi nyuma tena," akasema, goti la kulia chini, la kushoto juu, kalamu ameibana kwa meno, na mkono wa kulia mfukoni umekwisha kuanza kuusokota waya, "imebaki moja, kanyaga."