Mwalimu wa Kiingereza Yuko Mafunzoni

Jumatatu saa mbili kasorobo asubuhi, walimu ishirini na sita wa Kiingereza waliweka saini kwenye karatasi ya mahudhurio, kila mmoja akapewa daftari, kalamu ya bluu, chupa ya maji na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Ukumbi ulikuwa na feni mbili, moja ikizunguka. Mwezeshaji, mwanamume mwenye sauti ya mnadani, alitangaza kwamba kwa siku tano humo ndani hapakuwa na mwalimu. Wote walikuwa wanafunzi.

"Tumeelewana, watoto?"

"Ndiyo, mwalimu," waliitikia, wengine wao wakiwa na wajukuu.

Mwalimu mmoja, mama wa binti wa miaka kumi na miwili, hakuitikia. Akili yake ilikuwa kwa darasa la saba aliloliacha: wanafunzi mia moja na wanne, wiki tano kabla ya mtihani wa mwisho, na nusu ya mada hazijaguswa. Alikuwa amemwomba mwalimu mkuu mara mbili asiende. Mwalimu mkuu alimjibu kwamba shule isiyopeleka mshiriki huandikiwa barua.

Siku hiyo waliimba, wakapiga makofi ya mvua, wakakata maneno kwa mkasi na kuyapanga upya. Jumanne viatu vilianza kumpwaya, akavijaza karatasi. Jumatano miguu yake haikufika sakafuni. Jirani yake wa kushoto, aliyebakiza miezi minane astaafu, aling'oka jino la utoto wakati wa chai. Alilifunga kwenye tishu, akaendelea kutafuna kwa upande wa pili. Mwezeshaji alipita kati ya meza akiandika kwenye fomu yake: Ushiriki mzuri sana.

Ijumaa walipewa vyeti. Wakati wa picha ya pamoja, wale wa nyuma walipandishwa kwenye viti.

Nyumbani, bintiye alifungua mlango, akamkagua kuanzia utosini mpaka miguuni. Haikuwa safari ndefu.

"Mama, umekula?"

"Nimekula."

"Sare yangu ya mwaka juzi itakutosha. Hiyo blauzi unaiburuza."

"Mimi ndiye mama yako. Usinipangie nguo."

"Sawa, mama. Nyanyua mikono."

Jumatatu alifika shuleni na cheti chake kwenye bahasha. Getini, mwalimu wa zamu alimkagua kucha, akamwambia amechelewa dakika mbili, akamkabidhi ufagio. Alifagia kipande chake, kisha akaenda ofisini. Mwalimu mkuu alikisoma cheti pande zote mbili, ingawa upande wa pili ulikuwa mtupu.

"Hongera. Mafunzo yamekuingia."

"Asante. Naomba chaki nikafundishe. Zimebaki wiki nne."

"Chaki haishikwi na mwanafunzi. Mkaguzi akija nitamwambia nini? Kwamba nina mtoto ubaoni?"

"Sasa nani atawafundisha?"

"Mwalimu wa Kiingereza yuko mafunzoni," alisema mwalimu mkuu, kama alivyokuwa akiwaambia wazazi wiki nzima. Akafungua rejista. "Wewe nakuandika wa mia moja na tano."

Darasani, wanafunzi walimtambua bila shida.

"Shikamoo, madamu. Sogea."

"Marahaba. Nisogee wapi?"

"Inua goti tu."

Benchi hilo la nyuma lilikuwa la watu watatu na walikaa sita, na kitabu kimoja kikipita kwa zamu. Ubaoni palikuwa bado na mifano aliyoandika mwenyewe kabla ya semina. Kutoka pale nyuma, mwanga wa dirisha uliufuta upande mzima wa kushoto. Kwa miaka minane alikuwa akiwagombeza watoto wa benchi hilo kwamba hawajui kunakili. Kipindi cha Kiingereza kilianza, wote wakatazama mlango kwa dakika kumi. Hakuna aliyekuja.

Basi akaanza kuwaeleza wenzake wa benchi, kwa sauti ya chini. Benchi la mbele likageuka. La kando likasogea.

Kiranja, msichana mwenye rula na daftari la wapiga kelele, alisimama. "Madamu, unapiga kelele."

"Ninafundisha."

"Anayefundisha anakaa mbele. Wewe uko huku." Akamwandika namba moja, kisha na wengine tisa.

Adhabu ya wapiga kelele ilikuwa kuokota makaratasi uwanjani kipindi kizima cha mwisho. Uwanjani hakuna aliyekuwa akiandika kelele. Waliinama, wakaokota, na mpaka kengele ya kwenda nyumbani inalia, wale kumi walikuwa wamemaliza mada iliyowashinda muhula mzima.

Jumanne, kipindi cha Kiingereza kilipoanza, mvulana wa benchi la kwanza alipiga meza teke.

"Niandike," alimwambia kiranja.

"Umefanya nini?"

"Kelele. Hujasikia?"

Siku hiyo waliandikwa thelathini na wanane. Jumatano sabini. Alhamisi alikuja mzazi kumuulizia mwalimu wa Kiingereza. Mwalimu mkuu alimwambia yuko mafunzoni, kisha akamsogeza dirishani. "Lakini ona mazingira yetu." Uwanjani, darasa la saba karibu lote lilikuwa limeinama, likijibu kwa pamoja maswali ya mtoto mfupi kuliko wote. Mzazi alikubali kwamba uwanja ulikuwa safi, akaondoka. Mwalimu mkuu akaketi kuandika barua ya kuomba nafasi nyingine ya semina, awamu ya pili, kwa kuwa awamu ya kwanza ilikuwa na matokeo ya kuonekana.

Ijumaa walitoka wote. Hata kiranja alikuwa ameandika jina lake, la mwisho, kwa mwandiko mzuri kuliko mengine. Walizunguka uwanja mara mbili. Hapakuwa na hata karatasi moja, na mwalimu wa zamu tayari alikuwa anakuja kuwarudisha ndani, kwa sababu asiye na cha kuokota hana cha kufanya nje.

Kiranja alitazama kushoto na kulia. Akachana kurasa nne za daftari lake, akazikata vipande vidogo vidogo, akavitupa juu. Upepo ukavisambaza mpaka kwenye uzio.

"Jamani, uchafu gani huu!" alisema mwalimu wa zamu. "Okoteni vyote!" Akarudi kivulini.

Kiranja aliinama wa kwanza. "Madamu," alisema, "tuliishia wapi?"