Sifuri kwa Sifuri

Mwaka 2004 Mwalimu Masila alikuwa amefundisha fizikia miaka ishirini na mitatu, na shule yake ya Kitengela ilimpa vipindi saba kwa siku. Cha saba ndicho kilichokuwa kikimmaliza. Alhamisi moja alichora ubaoni betri ya volti tatu, balbu moja na waya wa kuviunganisha, akasema waya huo uchukuliwe kuwa hauna ukinzani wowote.

Naisenya akainua mkono. Alikuwa mama yake Leshan, wa miaka thelathini na mmoja, amerudi kumalizia kidato cha nne alichokiacha alipoolewa.

"Mwalimu, waya ikikosa ukinzani, hii ncha na ile hazina tofauti ya volti. Sasa nikigawanya volti na ukinzani, ninapata sifuri kwa sifuri. Mkondo ni ngapi?"

Masila aliegemea meza. Nyayo zilikuwa zinawaka moto. "Sifuri kwa sifuri ni sifuri," akasema.

"Lakini balbu inawaka."

"Keti, Mama Leshan."

Darasa likacheka. Akaketi.

Ijumaa hakuja. Masila akaingia maabara, akaunganisha saketi ileile. Alipopima volti kati ya ncha mbili za waya, mshale wa mita haukucheza. Alipopima mkondo, ulikuwapo. Akasimama pale akijiuliza ni wangapi aliowajibu vile, kwa kuchoka tu, na wakaondoka wakiamini.

Wiki nzima iliyofuata Naisenya hakuonekana. Jumamosi, siku yake pekee ya kulala, Masila alisafiri hadi Kajiado, nyumbani kwa mama yake Naisenya, alikoelekezwa na wanafunzi. Alimkuta mama huyo amelala kwenye kitanda kilichotolewa kivulini, kifua kikikoroma.

"Takwenya," akamsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," mama akaitikia kwa sauti ndogo.

Naisenya alitoka jikoni na sufuria ya uji. Alishtuka, akamletea kigoda.

"Nilikujibu vibaya," Masila akasema kabla ya kuketi. "Sifuri kwa sifuri si sifuri. Ukiangalia hiyo waya peke yake, hesabu haikuambii kitu. Angalia saketi nzima. Volti tatu zote zinaishia kwa balbu. Zigawanye na ukinzani wa balbu, huo ndio mkondo, na ni huohuo unapita kwa waya."

"Bila kusukumwa?"

"Mle ndani hakuna cha kuuzuia, kwa hivyo hauhitaji volti ya kuuvusha."

Naisenya alimlisha mama yake kijiko kimoja, akafikiri. "Na nikiunganisha hiyo waya huku na huku kwa balbu?"

"Balbu itazima. Pande zake mbili zitakuwa na volti sawa. Na betri itachemka, uitoe haraka."

"Nilijua umekosea," akasema taratibu. "Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa umechoka sana, mwalimu."

Masila aliketi kwenye kigoda. Aliinamisha kichwa.

"Sikuacha shule kwa sababu ya hiyo. Ni mama tu, na hakuna mwingine wa kumwangalia. Sijui kama nitawahi mtihani."

"Nitakuwa nakuja Jumamosi," akasema, na mwili wote ukamuuma kwa kusema hivyo.

Alikuja Jumamosi tisa. Mama alizikwa kabla ya ile ya kumi, na Naisenya akafanya mtihani akiwa amenyoa kichwa. Fizikia alipata C. Masila alilisoma jina lake kwenye orodha mara mbili, kisha akaenda kufundisha kipindi cha saba.