Fundo la Tatu

Harufu ya banda la nguruwe ilimpanda Asajile mpaka kooni. Akatema mate pembeni, akaendelea kuvuta kamba yake ya katani, yenye fundo kila urefu wa mkono.

"Dalali gani wewe wa kupima hata mavi?" Ezron alicheka. Alikuwa amekaa kwenye gogo, pombe ya komoni inamnuka mdomoni. "Wenzako wa stendi wanauza wakiwa wamekalia kreti. Kidole tu, kiwanja kile pale, kwisha!"

"Ndio wanaotuharibia kazi hao."

Mnunuzi, Mwalimu Nelson, alikuwa amesimama kwenye tope la machicha ya pombe waliyomwagiwa nguruwe, viatu vimezama. Tangu biashara ya mpakani ifunguliwe, nani hapa Ibighi hataki duka? Ezron alikuwa amemwonyesha kiwanja chote, kuanzia barabarani mpaka ukutani mwa nyumba ya shemeji yake Atupele, mjane wa kaka yake. Karatasi ya mauzo anayo, na dole gumba la mjane lipo. Ila mwalimu alisema halipi kabla Asajile hajapima.

Na Asajile hapimi ardhi ya mtu, mwenyewe akiwa jikoni.

"Mwiteni mama."

"Wa nini? Ameshaweka dole huyo."

"Mwiteni, au nakunja kamba."

Atupele alitoka akijifuta utomvu wa ndizi kwenye khanga.

"Mugonile, mama," Asajile akamwamkia, akampa ncha ya kamba. "Tangulia wewe. Ukifika mwisho wa ulichouza, simama."

Atupele akapanda taratibu kutoka barabarani. Kwenye mstari wa migomba, nusu tu ya kiwanja, akasimama.

"Hapa. Shemeji alinisomea hivyo. Huko juu sijauza, baba. Huko juu yupo Lutufyo wangu."

"Yupo wapi?"

Atupele akanyoosha mkono. Palepale bandani.

"Nilikuwa Isongole wiki mbili, namuuguza dada. Nimerudi leo asubuhi, nakuta nguruwe. Namwambia shemeji awaondoe, ananiambia kesho."

Asajile akatazama ndani ya banda. Nguruwe wawili walikuwa wanafukua machicha kwa pua, matumbo yao yameburuza udongo mpaka ukawa bapa kama sakafu. Tuta hakuna.

"Ulitaka wamsawazishe, Ezron? Mwalimu asimwone?"

"Aa, kaburi la mtoto tu hilo," alisema Ezron, akajikuna shingo. "Hata miaka mitatu hakufika."

Mwalimu Nelson aliinua mguu mmoja, kisha wa pili, akarudi nyuma mpaka kwenye migomba.

"Ningechimba msingi hapa," alisema polepole. "Dalali, ningemchimba mimi."

"Hiyo karatasi ichanwe," Asajile alisema. "Tutaandika nyingine, na mama asomewe mbele ya majirani."

Mwalimu aliichukua mkononi mwa Ezron, akaichana. Asajile akang'oa vigingi vya juu, akavishusha na kuvipigilia kwenye mstari wa migomba. Atupele alikuwa ameshawafukuza nguruwe kwa ufito. Alipiga magoti, akawa anakomba machicha kwa viganja.

Asajile akateremka mferejini kuosha kamba, fundo baada ya fundo. Maji yalipita, harufu ikabaki. Akairudisha hivyohivyo, inachuruzika, akachuchumaa karibu na mama.

"Kaburi lilikuwa refu kiasi gani?"

Atupele akaishika kamba. Vidole vyake vikapita fundo la kwanza, vikapita la pili, vikafika la tatu. Hapo vikakaza.